Wanafunzi wanasoma bila kulipa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Morogoro. Nina tovuti ya masomo ya kidato cha nne niliyoijenga kwa Express, mfumo wa kuandikia programu za tovuti. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Asiyelipa anaona aya mbili, kisha pazia linafunika zilizobaki. Sasa nimegundua wanafunzi wanazima JavaScript, programu inayoshusha pazia hilo kwenye kivinjari, na kusoma zote bure. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole. Pazia lako linashushwa ndani ya simu ya mwanafunzi, wakati somo zima limeshamfikia. Hata ulifanye zito vipi, simu ni yake.

Kagua kwenye seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti yako, somo likiwa bado halijatoka. Kazi hiyo ni ya midoweya, yaani kipande cha programu kinachokaa kati ya ombi na ukurasa. Kinasoma kuki, yaani alama ndogo ambayo kivinjari hutuma na kila ombi, kinaangalia kwenye hifadhidata kama ada ya mwenye kuki bado haijaisha, kisha kinaita next() ombi liendelee. Kama imeisha, kinarudisha aya mbili tu, basi. Kuki yenyewe ibebe namba ya utambulisho isiyobashirika. Ukiandika humo "amelipa", vijana wako watajiandikia wenyewe.

Angalia sana mpangilio wa mistari, maana Express inaifuata kama ilivyoandikwa. Ukiweka express.static, yaani mstari unaotoa mafaili ya folda kama yalivyo, juu ya ukaguzi, PDF zote zilizo kwenye folda ya public zinatolewa kwa yeyote mwenye kiungo, na midoweya yako haitaulizwa chochote. Mimi ningezihamisha kabisa kutoka folda hiyo, zitolewe kupitia anwani moja tu inayokaguliwa. Kurasa za kulipia zipe pia maelekezo ya Cache-Control: private, no-store, isije seva ya kati ikahifadhi nakala ya aliyelipa na kumpa asiyelipa.

Tena usiitegemee midoweya peke yake. Machi 2025 ilitangazwa kasoro ya Next.js, mfumo mwingine wa kujengea tovuti: ombi lenye kichwa (maelezo yanayotangulia ombi) x-middleware-subrequest liliweza kuuruka ukaguzi wote wa midoweya. Wenzetu waliokuwa wakikagua tena pale data inaposomwa hawakuwa na wasiwasi mkubwa.

Wapo watakaolipa, wapige picha za skrini na kuzirusha WhatsApp. Hilo seva hailiwezi, wala mimi siliwezi.

Ukimaliza, omba ukurasa wa somo kwa curl, programu ya kuomba kurasa kwa amri ya maandishi, bila kuki yoyote. Ukiiona aya ya tatu, kazi bado.