Kabla Hujatoa Kipima Joto: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mifugo

Kila mwaka hutujia vijana wa mafunzo kwa vitendo, wengine kutoka chuo cha mifugo cha LITA Tengeru, wengine kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kule Morogoro. Wanakuja wamesoma kweli. Wanajua dozi, wanajua kupe yupi anabeba ndigana kali, wanaweza kukutajia dalili za homa ya mapafu wakiwa wamefumba macho. Jambo moja ndilo hawaji nalo, nami sikuja nalo nilipoanza: hawajui kwamba mgonjwa ameanza kueleza tangu walipofungua geti, na kwamba yeye anawasoma wao kabla hawajamsoma.

Mimi nilifundishwa hilo na bibi mmoja wa Machame. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, anafungiwa bandani na kukatiwa majani na migomba kama ilivyo desturi ya huko. Ng'ombe alikuwa ameacha kula na maziwa yamepungua. Niliingia kipima joto kikiwa mkononi. Nikamfunga, nikainua mkia, nikasoma 39.4, nikaandika kwenye daftari "homa kidogo, tumbo", nikampa dawa ya tumbo, nikaondoka. Nikarudi kesho yake, nikafanya vilevile. Siku ya tatu ng'ombe alikuwa na hali mbaya zaidi, na bibi akanisimamisha mlangoni. "Mwanangu," akasema, "tangu juzi unampima tu. Hujamwangalia."

Akaleta kigoda, akanikalisha nje ya banda, naye akakaa kando yangu kimya. Tulikaa kama robo saa. Dakika chache za kwanza sikuona chochote. Kisha nikaona mgongo: ameupinda kwenda juu. Nikaona viwiko vya miguu ya mbele: amevitanua, havigusi mbavu, kama mtu anayekwepa kitu kinachomchoma kwapani. Sakafu ya banda lile ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea mfereji wa mkojo. Kila alipotaka kushuka alisita, na aliposhuka alitoa mguno mfupi wa chini ambao kwa siku mbili nilikuwa nikiusikia bila kuusikiliza. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Macho yalikuwa wazi, lakini hayafuati kitu.

Nikaingia taratibu, nikambana kwa mkono pale mwisho wa shingo, juu ya mabega. Ng'ombe mzima ukimbana hapo huubonyeza mgongo chini ili akukwepe. Huyu alikataa kabisa kuubonyeza, akaguna. Nikamuuliza bibi kama kuna ujenzi wowote umefanyika. Akaniambia wiki iliyopita wajukuu walitengeneza banda la kuku kwa waya.

Ng'ombe hachagui anachomeza. Hukusanya majani kwa ulimi, akameza kwanza na kucheua baadaye. Kipande cha waya kikishamezwa huishia kwenye tumbo lile lenye sura ya sega la nyuki, na hilo limepakana na kiwambo, ule ukuta wa misuli unaotenga tumbo na kifua, na mbele ya kiwambo kuna moyo. Tumbo likijikaza, waya unachoma. Ndiyo maana anasita kwenye mteremko: mzigo wote wa tumbo unasogea mbele. Nilimpigia daktari wa mifugo wa wilaya, akaja, akampasua ubavu wa kushoto akiwa amesimama, kwa ganzi ya sehemu, akatoa waya wa urefu wa kidole. Ng'ombe yule alikuwa ameeleza kila kitu kwa siku tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, na nitauchosha kwa kuurudia: ukifika, simama nje ya zizi dakika kumi kabla hujamgusa mnyama. Mfugaji atadhani unachelewesha kazi. Mweleze unachofanya, atakuelewa, na mara nyingi atafurahi. Kuna faida nyingine pia. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni kati ya 38.0 na 39.3, lakini ng'ombe aliyekimbizwa uani saa saba mchana mpaka akakamatwa anaweza kukupa 39.5 bila ugonjwa wowote. Ukimtisha kwanza, vipimo vyako vyote vinasema habari za hofu.

Uangalie nini katika hizo dakika? Anza na kundi, kama lipo. Aliyejitenga ndiye anayekuita. Ng'ombe aliyelala bila kucheua wakati wenzake wote wanacheua ana jambo. Tazama pua: ya mzima huwa na matone kama umande. Tazama anavyobadilisha mguu wa kusimamia, maana anayeumwa kwato huhamisha uzito mara kwa mara. Sikiliza meno, kwa sababu ng'ombe anayesaga meno bila kucheua ana maumivu. Mwangalie anavyoinuka. Ng'ombe mzima hutanguliza nyuma, kisha hujinyoosha. Ukiona amejinyoosha vizuri, moyo wako utulie kidogo. Na aliyezaa jana, amelala, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, masikio ya baridi, huyo hahitaji dakika kumi. Hiyo ni homa ya maziwa, anataka kalsiamu sasa hivi, polepole kwenye mshipa huku unasikiliza moyo wake. Hata hapo atakujibu: atatetemeka, atacheua hewa, atatoa kinyesi, pua itaanza kulowa. Hakuna furaha katika kazi hii kama kuona pua ile ikilowa.

Sasa upande wa pili, jinsi anavyokusoma wewe. Macho ya ng'ombe yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Ukimjia kutoka nyuma, kwake umetokea hewani. Kina hakioni vizuri, kwa hiyo kivuli sakafuni, mfereji, au bomba la maji lililolazwa mlangoni vinaweza kumsimamisha kabisa, na watu wakaanza kumpiga wakidhani ni mkaidi. Ondoa bomba, atapita. Masikio yake yanapokea sauti za juu ambazo wewe huzisikii, kwa hiyo mlio wa chuma kwa chuma kwenye kibanio, kile kizimba chembamba cha kumshikia ng'ombe, unamuumiza kuliko unavyofikiri. Funga kitambaa kwenye komeo. Dakika mbili za kazi, na siku nzima ya chanjo inabadilika.

Kila mnyama ana mduara wake. Ukiingia ndani ya mduara anasogea, ukitoka anasimama. Ng'ombe wa bandani anayekamuliwa kila siku mduara wake ni kama haupo. Zebu wa mbugani Simanjiro anaweza kuanza kuondoka ukiwa hatua kumi na tano. Na begani kuna mpaka: ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisogea mbele ya bega anarudi nyuma. Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, ameandika mambo haya kwa miaka mingi na mabanio mengi duniani yamejengwa kwa mawazo yake. Lakini mtoto wa Kimaasai wa miaka minane atakuonyesha jambo hilohilo kwa fimbo asiyomgusa nayo ng'ombe hata mmoja. Nenda naye machungani siku moja. Msikilize anavyopiga mluzi wa kuwanywesha, tofauti na mluzi wa kuwarudisha. Ujue kwamba ng'ombe wale wana lugha wanayoielewa tayari, na wewe ndiye mgeni.

Ongea unapoingia. Sauti ya chini, maneno yoyote, hata habari za mvua. Mnyama anapata kujua ulipo bila kugeuka. Kisha mguse mahali ambapo ng'ombe wenyewe hulambana: shingoni, juu ya mabega, chini ya sikio. Mkune hapo kwa nguvu kidogo, maana kupapasa kwa ncha za vidole kunamkumbusha nzi. Na hapa kuna siri ambayo nampa kila kijana: mkono unaomkuna chini ya sikio na mbele ya bega uko juu ya tezi haswa unazotaka kuzipima kwa ndigana kali. Umemsalimia na umempima kwa mara moja. Akiinamisha kichwa na kunyoosha shingo, amekubali. Akikaza ngozi na kuinua kichwa, rudi nyuma hatua moja, subiri.

Simama karibu kabisa na bega au mbali kabisa. Katikati ndiko kuna teke, na teke la ng'ombe huzunguka kwa pembeni, tofauti na la punda linalokwenda nyuma moja kwa moja. Kabla ya sindano ya shingo, mgonge kwa kiganja mara mbili tatu palepale, ndipo uchome. Fahali akikugeuzia ubavu wote, ameinamisha kichwa na kuparua ardhi, hapo ameshamaliza maneno. Ondoka bila kumpa mgongo, bila kukimbia.

Tumia mkalimani. Usimuulize mwenye mali peke yake, kwa sababu mwenye mali mara nyingi yuko mjini au yuko mnadani. Muulize anayekamua: leo alisimamaje, alikataa chuchu ipi kuguswa? Muulize anayechunga: alikuwa wa ngapi kurudi jana, na kawaida huwa wa ngapi? Swali hili la mwisho limewahi kunipa ugonjwa siku mbili kabla ya homa kupanda. Mama anayemkamua ng'ombe mmoja kwa miaka sita anamjua kuliko wewe na cheti chako, na ukimheshimu mbele ya watoto wake atakupigia simu mapema safari nyingine.

Punda naomba nimsemee kwa kirefu, kwa kuwa hana wa kumsemea. Tunasema fadhila za punda ni mateke, na methali hiyo imemponza. Punda anaficha maumivu kuliko mnyama yeyote ninayemtibu. Haruki wala halalamiki. Anasimama tu, ameinamisha kichwa, na watu husema amechoka au amekuwa mvivu. Nimemwona punda mwenye tumbo linalomsokota akiwa ameweka mdomo kwenye nyasi, anatafuna, anatafuna, na nyasi hazipungui. Alikuwa anajifanya anakula. Kwa hiyo kwa punda usiulize kama yuko kwenye chakula, hesabu kilichopungua. Joto lake pia liko chini: 36.5 mpaka 37.8. Ukitumia kichwani kipimo cha ng'ombe, punda mwenye 38.5 utamwona hana neno, kumbe tayari ana homa.

Na usimtenganishe na mwenzake. Punda hufunga urafiki na punda mmoja, na ukimchukua peke yake anaweza kuacha kula. Punda asiyekula huyeyusha mafuta ya mwili mpaka yanajaa kwenye damu, na hilo peke yake linamuua. Mlete mwenzake asimame hapo wakati unasafisha kidonda. Kidonda chenyewe, mara nyingi, ni cha tandiko au cha fimbo. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili huo, lakini mimi huanza kwa kumwonyesha mwenye punda jinsi ya kuweka gunia laini chini ya mbao za tandiko, na kumrudia wiki inayofuata kuona kama ameliweka.

Kwa mbwa niseme machache. Mkia unaotikisika hauna maana ya "karibu" kila wakati. Angalia mwili umelegea au umekakamaa. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akikuonyesha weupe wa jicho huku amegeuza kichwa, anakuomba nafasi, na asipopewa ataitafuta kwa meno. Chuchumaa kwa ubavu, usimwinamie. Paka mfunike kwa taulo na uzime kelele za chumba. Mbuzi hupiga kelele hata kwa kushikwa tu, kwa hiyo kelele zake zisikutie hofu. Mbuzi aliyenyamaza ndiye wa kumwogopea.

Lakini kuna mahali ambapo mazungumzo haya yote yanakoma. Ng'ombe anayetoa mate mengi, anashindwa kumeza, analia kwa sauti iliyokwaruza, kila mtu pale zizini atakwambia amekabwa na atakuomba uingize mkono mdomoni. Usiingize. Kichaa cha mbwa kwa ng'ombe huja na sura hiyohiyo. Uliza kwanza kama mbwa mgeni amepita kijijini miezi ya karibuni. Vaa glavu, mtenge mnyama, toa taarifa kwa daktari wa wilaya. Mate yakikugusa kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda hakionekani vizuri. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ninawaomba sana, pateni chanjo ya kinga kabla hamjaanza kazi.

Mwisho, namna ya kuondoka. Vijana wengi wakishachoma sindano hufungua kamba na kukimbilia pikipiki, na mnyama anabaki na maumivu kama neno la mwisho. Baki dakika moja. Mkune tena palepale ulipoanzia, ongea, mwache anuse mkono wako akiwa huru, ndipo utoke. Utarudi kesho kwa dozi ya pili, naye atakuwa anakukumbuka.

Siku ya kumi na nne baada ya upasuaji nilitumwa Machame kutoa nyuzi. Nilisimama nje kwanza. Mgongo ulikuwa umenyooka, viwiko vimerudi mbavuni, na alikuwa anacheua. Nilipoingia akanyoosha shingo, akanusa mkono wangu, akaulamba mara moja kwa ule ulimi wa msasa, akarudi kucheua. Nyuma yangu nikasikia bibi akiburuta kigoda cha pili.