Mtandao wa wataalamu wa mazingira: maswali yenu

*Mimi ni mhandisi wa maji, naishi Ubungo. Na wenzangu tunataka kuunda mtandao wa wataalamu wa mazingira. Tuanze na katiba au wanachama?*

Anzeni na kazi. Chukueni Mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Mchanga unaojaza mto pale Jangwani umemomonyoka huko juu, na njiani mto umezoa taka za mitaa isiyofikiwa na gari la taka. Kwa hiyo bwana misitu, afisa afya, mhandisi wa mitaro na mchora ramani wanahangaika na mafuriko yaleyale, kila mmoja ofisini kwake, na mara nyingi hawajuani hata kwa sura. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, kwa hiyo jambo hili si la kulichezea. Andikeni nani anapima nini, wapi, na nani anazihitaji takwimu hizo. Hapo mtajua wa kumwalika. Katiba itafuata, na itakuwa fupi.

*Ni lazima tusajili?*

Mkitaka akaunti ya benki, ada au ruzuku, sajilini mapema. Chama cha kuhudumia wanachama wake huenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika lisilo la kiserikali huenda kwa Msajili wa NGO, chini ya sheria ya mwaka 2002. Waulizeni kabla ya kuandika katiba.

*Kundi letu la WhatsApp limebaki la salamu na misiba. Tufanyeje?*

Liacheni liendelee, watu wanaozikana husaidiana na kazini pia. Fungueni jingine la kazi, na katibu wake alipwe, walau vocha na nauli. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mitandao mizuri ikifa baada ya mtu mmoja kubeba kazi ya wote, bure, usiku, mpaka akachoka. Takwimu nazo zisibaki kwenye simu za watu. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora ramani za kata, zikawekwa wazi kwa yeyote. Namba za simu za wanachama ni jambo jingine: ombeni ridhaa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka.

*Waokota chupa na wajumbe wa mtaa waingie? Hawana digrii.*

Waingie, tena wawe na haki ya kupiga kura. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini chupa bado zinaziba mitaro, na muokota chupa ndiye anayejua ipi inauzika na ipi inaachwa mtaroni. Mjumbe anajua maji huanzia nyumba ya nani. Ila mkiwaita kikao cha Jumatano asubuhi kwenye hoteli ya Masaki hawatakuja, maana hiyo ni siku yao ya riziki. Kaeni Jumapili alasiri, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na nauli yao itoke kwenye ada.