Wadogo zangu mnaotaka kazi ya ushauri wa kodi, anzeni kabla ya fildi

Kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini, ni yale yale. Anakuja mwanafunzi wa mwaka wa tatu, GPA imesimama vizuri, anapewa peroli ya mteja akokotoe PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Baada ya muda mfupi karudi, anajiamini kabisa: mshahara 1,000,000, kodi 128,000. Namuuliza NSSF iko wapi. "Si makato mengine hayo, kaka?" Hapana, mdogo wangu. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, unatoka kwanza. Inabaki 900,000. Hapo ni 68,000 kwa zile 760,000 za kwanza, jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, unapata 103,000. Ulikuwa unamkata mtu 25,000 zaidi kila mwezi, na mtu huyo ana ada za watoto.

Nawapenda mnaochagua kazi hii, na ndiyo maana nakosa subira nikiona kosa la mwaka jana limerudi na sura mpya. Uwe IFM, Mzumbe, Chuo cha Kodi au unasoma sheria Mlimani, haya yanakuhusu.

1. Soma sheria yenyewe. Slaidi zinakufaulisha mtihani, lakini mteja hashauriwi kwa slaidi. Sheria ya Kodi ya Mapato ni ya 2004, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni ya 2014, ya Usimamizi wa Kodi ni ya 2015, na karibu kila mwaka Sheria ya Fedha inaingia Julai 1 na kuzibadilisha. Bado wanakuja watu na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) ya asilimia 4 kwa sababu ndivyo walivyoikuta kwenye notsi za kaka zao; ilishuka hadi 3.5 tangu Julai 2023. Halafu hotuba ya bajeti ya Juni ni mapendekezo. Bunge linaweza kuyabadilisha, kwa hiyo usimwambie mteja apange bei kwa ulichosikia redioni.

2. Tarehe ziwe kichwani. PAYE na kodi ya zuio (ile mlipaji anayoikata kwenye malipo kabla ya kumlipa mtu) tarehe 7, VAT tarehe 20, ritani ya mapato miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa.

3. Pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi ni hoja na amana (fedha inayolipwa ili pingamizi lipokelewe), vyote viwili. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilimuumiza mtu.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Mteja wetu alikuwa mzee mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wakaguzi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) walichukua taarifa zake za benki, wakajumlisha fedha zote zilizoingia, wakalinganisha na mauzo aliyotangaza, na tofauti yote ikahesabiwa kuwa mauzo. Ndani ya tofauti hiyo kulikuwa na mkopo wa benki, na fedha nyingi alizokuwa anazihamisha kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine. Hoja tulikuwa nayo. Niliandaa jedwali mstari kwa mstari: tarehe, kiasi, zilikotoka, ziliingia wapi. Nikaambatisha mkataba wa mkopo na taarifa za akaunti zote mbili, nikaandika barua ya pingamizi ambayo bosi hakuigusa hata nukta. Iliwasilishwa ndani ya siku 30, nakala yetu ikagongwa muhuri, nikarudi ofisini nikijiona nimeshaiva.

Amana haikulipwa.

Sheria inataka, ndani ya siku hizo hizo 30, mlipakodi alipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya makadirio, chochote kilicho kikubwa. Asipoweza, unamwandikia Kamishna Mkuu wa TRA kuomba apunguziwe au asamehewe amana, na unatoa sababu. Nilikuwa naijua kanuni hiyo tangu chuo. Nilidhani mhasibu wa mzee ameshalipa. Mhasibu naye alidhani barua ikishapokelewa, mambo yote yanasimama. Kazi ya kufuatilia ilikuwa yangu, na sikupiga simu kuuliza.

Jibu lilikuja kwamba pingamizi halikukubaliwa na makadirio yamekuwa ya mwisho. Mimi na bosi tukamfuata mzee dukani. Alikuwa anasimamia vijana wanapakia nondo, akawaachia, akatukaribisha viti, akaagiza soda. Tulipomaliza kueleza akaniangalia, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, ile mikaratasi yote hakuna aliyeisoma?" Nikamjibu hakuna. Hakufoka. Aliuza lori lake akalipa kodi na riba, kwa deni ambalo sehemu yake kubwa hakuwa anadaiwa.

Tangu hapo, faili lolote la pingamizi ninaloshika lina karatasi mbele yenye tarehe ya mwisho ya barua, tarehe ya mwisho ya amana, jina la anayelipa, na nafasi ya kubandika risiti ya malipo. Nafasi ya risiti ikiwa tupu, siondoki ofisini. Fanyeni hivyo kuanzia faili lenu la kwanza.

4. Jifunze biashara inavyoendeshwa. Likizo nenda Kariakoo ukae na ndugu yako dukani. Angalia mzigo unavyoingia, nani anatoa risiti ya EFD (mashine ya kodi) na nani hatoi, mkopo wa mali kauli unavyolipwa. Mfanyabiashara akikwambia "ile hela ilikuwa ya shemeji", ujue uulize nini na uombe karatasi gani.

5. Eksel. Bila Eksel utateseka sana.

6. Utaombwa utafute risiti feki za kununua mtaani ili gharama zikae sawa. Kataa siku ya kwanza, kwa heshima, mbele ya mteja mwenyewe. Ukikubali mara moja, hata wakubwa wako hawatakuamini tena na faili.

7. Zanzibar ina sheria yake ya VAT, inayosimamiwa na ZRA, Mamlaka ya Mapato ya huko. Kodi ya mapato ni suala la Muungano. Mteja mwenye hoteli Paje, Zanzibar, na ofisi Posta, Dar, atakuuliza hili kabla hujakaa.

8. Soma hukumu. TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, ni bure, bando la bumu linatosha. Anza na rufaa ya Tullow Tanzania dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani 2018. Kampuni ililipa watoa huduma wasio wakazi na kusema huduma zilifanyikia nje ya nchi, hivyo hapakuwa na kodi ya zuio. Mahakama ikasema huduma imetumika Tanzania na mlipaji yuko Tanzania, basi chanzo cha malipo ni hapa. Isome yote, kisha andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho mwenye duka la nondo angekielewa: TRA ilidai nini, kampuni ilijibu nini, mahakama iliegemea maneno gani ya sheria. Njoo na ukurasa huo siku unaporipoti fildi. Tutausoma pamoja kabla hujapewa faili la mtu.