Ya Salimu umeipika?

Tanga, Ijumaa jioni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mguu wa baba yako umepungua uvimbe na sasa anakwenda msikitini mwenyewe.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Yaani mume wangu huyo wa miaka minne, mmebanana kwenye daladala ya Mbagala, unamnyonyesha mke mwenzangu chini ya mtandio, na yeye anamgeukia mzee wa watu aliyekaa pembeni: "Babu, na wewe unataka? Subiri, bado hajamaliza." Gari zima likaangua kicheko, konda akalirudia neno lile mpaka mnashuka, na wewe kwa aibu ukamfinya mtoto paja. Nilipofika hapo kicheko kikaniishia. Unaniuliza kama na wewe ulikuwa hivyo, na mimi nilikujibu nini.

Ulikuwa hivyo, tena zaidi.

Ulikuwa na miaka mitatu na ushee, Salimu bado ananyonya. Kila asubuhi alipita muuza maziwa na baiskeli, madumu mawili nyuma. Siku moja ukaniuliza maziwa yake anayatoa wapi, nikakwambia kwa ng'ombe, na ng'ombe anakula majani. Ukanyamaza. Baadaye nimekaa uani kwenye mkeka nimempakata Salimu, ukaja ukasimama mbele yangu, ukakitazama kifua changu kwa muda mrefu, halafu ukasema, "Mama, wewe majani unakula saa ngapi? Tukilala?" Nikakwambia nakula mchicha, nakula kisamvu. Hukuridhika. Kesho yake na keshokutwa, kila nikikaa kunyonyesha unakuja na ukoka uliong'oa kando ya ukuta, mizizi na mchanga vyote, unaniwekea mapajani. "Kula mama, Salimu ana njaa." Kimkono chenyewe kidogo, kucha zimejaa udongo.

Mara nyingine mtoto wa jirani alilia, gauni langu likalowa kifuani. Ukasema, "Mama, nyonyo inalia." Wala hukukosea sana. Manesi wanasema mama akisikia tu sauti ya mtoto, ubongo wake hutoa homoni inayoitwa oksitosini, nayo ndiyo inayosukuma maziwa yatoke, hata kama anayelia si wake. Na huyo huyo mtoto wa jirani nilimnyonyesha siku nyingi mama yake alipougua, ndiyo maana mpaka leo anakuita dada. Nilipokueleza kwamba ni ndugu yako wa kunyonya kwa kuwa mmenyonya ziwa moja, ulifikiri kidogo ukasema, "Basi na ndama ni ndugu yangu."

Lakini neno lako ninalolikumbuka kuliko yote ni la kabla ya hayo, na sijawahi kukusimulia.

Nilipopata mimba ya Salimu ulikuwa bado mchanga. Ulipofika mwaka mmoja na miezi tisa wakubwa wakanijia juu: utambemenda mtoto, maziwa ya mja mzito ni sumu, mwachishe. Nikakata jani la shubiri, nikajipaka. Ulikuja mbio kama kawaida yako, ukavuta mara moja, ukaachia. Hukulia. Ulijifuta ulimi kwa kiganja, ukanitazama usoni, ukajifuta tena. Nikakwambia nyonyo imeoza.

Salimu akazaliwa. Ana wiki tatu, wanawake wa mtaa wamejaa chumbani na uji wao wa pilipili manga, ukaingia ukamwona yuko kifuani. Maneno yako bado yalikuwa ya kuungaunga, lakini yale yalitoka yamenyooka: "Yangu chungu. Ya Salimu umeipika?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka nao, kwa sababu sikujua nifanye nini, nikakwambia hebu toka nje ukacheze. Ukatoka. Nilikukuta baadaye nyuma ya mlango umelala, umekumbatia gunzi la muhindi ulilolifunga kitambaa, kichwa chake umekibana kwenye kifua chako.

Usiku ule nilikupakata nikakwambia kweli. Kwamba nyonyo haikuoza, mama aliipaka dawa chungu, mama alikuwa na mtoto tumboni na watu walimtisha. Ukaniuliza, "Imeoshwa?" Nikasema imeoshwa. Ukaionja. Ukasema, "Haina sukari," ukashuka kitandani, ukaenda kulala na bibi yako. Hukuitaka tena tangu siku hiyo.

Miaka ilipita ndipo muuguzi wa kliniki akanieleza kwamba mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Na Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Nilikukatia miezi mitatu, mwanangu, lakini hiyo miezi siijutii kama ninavyoujutia ule uongo, na kule kukutoa nje wakati watu wanacheka. Ulikuwa umeniuliza swali la haki kabisa. Niwie radhi.

Kwa hiyo usimfinye mume wangu. Hebu fikiri alichokifanya mle garini. Si wewe uliyemfundisha kwamba mtu akikukuta unakula, umkaribishe? Mdogo wake alikuwa anakula, mzee yuko pembeni hana kitu mkononi, naye akamkaribisha, akamwomba na subira. Adabu yote uliyompa aliitumia. Kwake yeye kile ni chakula cha mwenzake. Aibu tunaijua sisi. Ukimfinya, atajifunza kwamba kuna swali linaloumiza, na kesho akiwa na la maana zaidi atalimeza.

Na hili la pili uliloandika haraka haraka mwishoni, kwamba siku zako 84 za likizo zinakwisha naye amekwambia, "Mama, ukienda kazini usiondoke na nyonyo zote mbili, acha moja," hilo mimi silichukui kama kichekesho. Mtoto anamwonea mdogo wake huruma. Mtimizie. Sheria ya kazi inakupa hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Yadai bila kuona haya, mke mwenzangu hajafika miezi sita na hatakiwi kuonja maji wala uji. Na asubuhi kabla hujatoka kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko, yaweke kwenye friji, umwite mume wangu umwonyeshe kwa kidole: haya, ile moja uliyosema niache ndiyo hii. Umwachie yeye kazi ya kumkumbusha dada wa nyumbani. Utaona atakavyokilinda kikombe hicho.

Kama analitaka ziwa mwenyewe, usimcheke wala usimtishe. Mwonjeshe kwa kijiko. Labda naye atasema halina sukari.

Kuhusu la garini, usimwache hivihivi. Leo usiku akishaoga, mpakate, mwombe radhi kwa lile paja, halafu mpe salamu zangu. Mwambie bibi wa Tanga anasema alifanya vizuri kumkaribisha mgeni, na kwamba yule babu hakuchukua kwa sababu yeye alishanyonya zamani, kwa mama yake.

Mama yako