Njiti wangu watatu wana miezi minne na nusu, shingo bado

Maswali yenu ya malezi, anajibu Dada Nesi

SWALI: Shikamoo Dada Nesi. Mimi ni mama wa Mbagala, nilijifungua mapacha watatu kwa opareshini mimba ikiwa na wiki 31, wa kwanza alikuwa na kilo 1.5, wa pili 1.3 na mdogo wao 1.1. Namshukuru Mungu wote wazima tuko nyumbani. Sahivi wana miezi minne na nusu na hakuna hata mmoja aliyekaza shingo, mtoto wa jirani amezaliwa wiki moja nao anageuka mwenyewe kitandani na anataka kukaa. Mama mkwe anasema huyu mdogo tumembemenda ndo maana hakui, kila anayekuja kunisalimia ana dawa yake ya mchango, wengine wananiambia niwaanzishie uji mwepesi kwa vile maziwa yangu hayatoshi na kweli naona hayatoshi. Chanjo ya pili nayo wameikosa kwasababu niliambiwa nisubiri wafike kilo 5. Silali dada, kuna siku nakaa tu nalia na mume wangu ni dereva anarudi usiku sana. Nisaidie. Mama Watatu, Mbagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mtoto wa kilo 1.1 kufika miezi minne na nusu yupo hai na ananyonya ni kazi kubwa mno, na nataka kila mtu ndani ya hiyo nyumba aijue kabla hajafungua mdomo kukushauri.

Tuanze na shingo. Mimba inatimia wiki 40, wako walitoka na 31, kwaiyo kuna wiki 9 walitakiwa wawe bado tumboni. Miezi minne na nusu ni kama wiki 19, toa zile 9 zinabaki 10. Yani kwenye mambo ya kukaza shingo, kucheka, kugeuka, kukaa na kutembea, wewe una watoto wa wiki 10, sio wa miezi minne, na mtoto wa jirani hawezi kuwa kipimo chao hata kidogo. Mtoto wa wiki 10 anatabasamu ukimsemesha, anafatisha uso wako kwa macho, ukimlaza kifudifudi yupo macho anainua kichwa kidogo alafu kinaanguka. Shingo inakaza vizuri kwenye miezi mitatu hadi minne, kwa wako itakuwa miezi mitano sita hivi ukihesabu tangu walipozaliwa. Hesabu hii utaenda nayo mpaka watimize miaka 2, iandike kwa kalamu nyekundu juu ya kila kadi la kliniki: "tarehe aliyotakiwa kuzaliwa" alafu weka tarehe. Nesi mgeni akikuuliza umri unamuonyesha zote mbili. Cha kukupeleka hospitali mapema ni mtoto anayekakamaa mwili au analegea mno ukimbeba, hashtuki kwa sauti kubwa, anatumia mkono mmoja tu, au kafika miezi mitatu ya hiyo hesabu mpya na bado hatabasamu wala hakuangalii usoni.

Kuhusu kubemenda, mdogo wangu naomba hili uliondoe moyoni leo. Huyo mtoto alizaliwa na kilo 1.1 wakati mwenzie ana 1.5, tofauti ilianzia tumboni kwenye kugawana nafasi na chakula, nyie hamjamfanya kitu. Cha kuangalia kwake ni mstari wa uzito kwenye kadi: kama unapanda anakua, hata kama uko chini ya wa wenzie. Ukilala au ukishuka hapo ndo unaenda kumuona daktari, na moja ya vitu utakavyouliza ni upungufu wa damu. Mtoto anajiwekea akiba kubwa ya madini ya chuma kwenye miezi mitatu ya mwisho ya mimba, njiti anatoka kabla hajaijaza, ndo maana wanaandikiwa dawa ya chuma ya maji au ya matone kuanzia wiki za mwanzo. Wamama wengi chupa ikiisha wanaacha kwasababu mtoto anaonekana mzima. Angalia kama wako bado wanapewa, kama iliisha rudi kliniki waandikiwe kwa uzito wa sasa maana dozi inabadilika wakikua. Na dawa za mchango usiwape kabisa, hazina kipimo, hatujui kilichomo, na ini na figo za njiti bado changa. Mama mkwe muelimishe kwa heshima, ikishindikana nenda nae kliniki muombe nesi amuelezee yeye, wazee wengi wakiambiwa na mtu wa hospitali wanaelewa na wanageuka kuwa wasaidizi wazuri kuliko wote.

Sasa maziwa, na hapa nataka tukae kidogo. Mtoto wa kilo 4 anahitaji kama mililita 600 kwa siku. Zidisha mara tatu unakaribia lita 2 za maziwa kila siku kutoka kwenye mwili mmoja ambao umepasuliwa na haulali. Ndo maana unaona hayatoshi. Ila mwili unatengeneza maziwa kwa kadri yanavyotolewa, kwaiyo fanya hivi: kila mlo nyonyesha wawili kwa pamoja, kila mmoja na titi lake, miguu yao ipite chini ya kwapa lako na mito pembeni, wa tatu apewe yale uliyokamua, kwa kikombe kidogo. Mlo unaofuata unazungusha ili kila mmoja apate zamu ya kukosa titi, asiwe kila siku ni yule mdogo kwasababu ananyonya taratibu. Kamua pia usiku hata mara moja, usiku homoni ya maziwa inakuwa juu. Yaliyokamuliwa yakae nje yasizidi masaa 4, na kwa joto la Dar mimi napunguza zaidi, kwenye friji siku 4. Kikombe nakipendelea kuliko chupa kwasababu kinaoshwa kikatakata, chuchu ya chupa inaficha uchafu na kuhara kwa njiti ni hatari kweli.

Ukifanya yote hayo na bado mkojo ni mchache, chini ya pampasi au nepi 6 zilizolowa kwa siku kila mtoto, na uzito haupandi, ongezea maziwa ya kopo ya watoto na usijisikie vibaya. Najua bei. Ukiwalisha kopo tupu, la gramu 400 haliwafikishi siku 2 watoto watatu, ndo maana wengi wanazimua, kijiko kimoja kwenye maji ya viwili, na hapo mtoto anashiba maji anakonda tumbo likiwa limejaa. Bora kopo sahihi kwa mlo mmoja wa siku na mingine ya kwako, kuliko kuzimua milo yote. Kama kuna ndugu anauliza alete zawadi gani mwambie alete kopo, nguo wanazo. Maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa maziwa yao kwa mwaka huu wa kwanza, asali nayo hapana kabla ya mwaka. Uji bado. Mtoto asiyekaza shingo anapaliwa, na ule mwepesi ni maji tu yanayochukua nafasi ya maziwa tumboni. Mtaongea na daktari wakikaribia miezi sita, ataangalia kama kichwa kimetulia na wanakaa wakiegemezwa. Siku hiyo ikifika anza na uji mzito wa nafaka moja au viazi vilivyopondwa na tone la mafuta, ongeza yai, dagaa waliosagwa, mboga, parachichi. Ule unga wa kuchanganya mahindi, soya, karanga, ulezi, ngano na kila kilichopo sokoni siushauri, kila kimoja kinaiva kwa muda wake na mtoto akidhurika hujui kilichomdhuru ni kipi.

Chanjo hazihesabiwi kwa ile tarehe ya kutakiwa kuzaliwa, zinahesabiwa kwa tarehe halisi: wiki 6, 10, 14, na surua-rubella miezi 9. Kilo 5 sio sharti. Wapeleke wiki hii, watapewa walipoishia, hawaanzi upya. Njiti ndo wanaozihitaji zaidi maana kinga nyingi ya mama inapita kwa mtoto mwishoni mwa mimba na wao hawakuwepo.

Na wewe sasa. Hiyo kukaa unalia sio udhaifu, na ikiendelea kila siku zaidi ya wiki mbili, au ukaanza kujisikia huna hamu na watoto, au mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru, mwambie mume usiku huo huo na uende hospitali, sonona baada ya kujifungua ina matibabu na mama wa watatu yupo kwenye hatari kuliko mama wa mmoja. Mumeo akirudi saa 5 usiku mlo wa saa 6 ni wake, wewe kamua ulale, maziwa yapo kwenye kikombe. Mama mkwe apewe kuogesha na kufua. Mgeni akija asinawe mikono asishike mtoto, mwenye mafua asiingie kabisa, na akiuliza asaidie nini kuna nepi kwenye beseni. Weka daftari lenye safu tatu, moja ya kila mtoto: kanyonya saa ngapi, kiasi gani, kakojoa, dawa. Wafungie uzi wa rangi tofauti mguuni, usikaze, au mpake kila mmoja rangi yake kidoleni, maana saa 9 usiku mtu aliyechoka anampa mtoto mmoja dawa mara mbili na mwingine hapati. Walale chali, chini ya neti, bila mito, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama kuna baridi, joto watapata kwenye ngozi yako.

Usisubiri asubuhi ukiona anakataa kunyonya, mwili wa baridi au wa moto, anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani, midomo ya bluu, au degedege.

SWALI: Habari za kazi dada. Mke wangu kajifungua mapacha watatu hapa Dodoma, wiki 32, bado wapo wodini. Nesi kasema na mimi naweza kuwabeba kifuani kama kangaroo lakini wenzangu wananicheka, wanasema hiyo ni kazi ya mama. Ni kweli baba inafaa? Na mke wangu ameajiriwa shule binafsi, anaogopa kazi. Baba wa Watatu, Dodoma.

JIBU: Inafaa, na kwa watatu sio hiari, hesabu vifua mwenyewe. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia mwaka 1978 kwa Dk. Edgar Rey, hospitali ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania, matokeo yakatoka 2021: watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Sasa wanashauri masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Ndo uwaambie wanaokucheka.

Vua shati, osha kifua kwa maji na sabuni, usijipulizie pafyumu. Mtoto avae pampasi, kofia na soksi basi. Muweke wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuka upande na kidevu kimeinuka kidogo ili pua ibaki wazi. Funga khanga kuanzia usawa wa sikio lake kushuka chini, ikaze kiasi kwamba ukisimama hatelezi lakini unaona tumbo lake linapumua. Ukilala egemea mito, usilale bapa. Wawili wanaingia kifua kimoja, mmoja kila upande, muombe nesi akufunge mara ya kwanza. Mkirudi nyumbani muendelee mpaka watoto wenyewe waanze kuhangaika na kujitoa, hapo ndo wamekua.

Kuhusu kazi, sheria ya ajira ya 2004 inampa aliyejifungua zaidi ya mmoja likizo ya siku 100 yenye malipo badala ya 84, na marekebisho yaliyoanza 2025 yameongeza muda kwa wazazi wa njiti. Omba barua ya hospitali inayoandika wiki za mimba walipozaliwa, peleka nakala kwa mwajiri wake na wako, na wewe una likizo yako. Mwajiri akigoma nendeni kwa afisa kazi, asisaini barua yoyote ya kuacha kazi kwa hofu.

SWALI: Mwanangu hujambo, mimi bibi wa Tanga. Nina wajukuu watatu wa binti yangu, njiti, wana miezi tisa. Wawili wananifuata kwa macho lakini mmoja namuona jicho linakimbia pembeni na ukimpa kitu anapapasa. Alikaa kwenye oksijeni muda mrefu kuliko wenzie. Nisubiri akue?

JIBU: Shikamoo mama, na asante kwa kumuangalia kwa makini hivyo. Usisubiri. Mishipa ya damu ya ndani ya jicho la njiti inakuwa haijamaliza kukua wakati anazaliwa, na kwa baadhi yao, hasa waliokaa sana kwenye oksijeni, inaota vibaya na inaweza kuvuta ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Ndo maana njiti wadogo sana wanatakiwa wapimwe macho kama wiki nne baada ya kuzaliwa, wasomaji wenye watoto bado wodini waulizeni madaktari wenu kabla ya kuruhusiwa. Kwa huyu mjukuu inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa makengeza tu au anahitaji miwani, lakini kwa kumuangalia kwa nje hakuna anayeweza kujua, wanamtia dawa ya matone wanachungulia ndani. Anzieni hospitali ya mkoa mpate rufaa, madaktari wa macho ya watoto wapo hospitali ya KCMC Moshi, na Dar wapo hospitali za Muhimbili na CCBRT. Bebeni karatasi ya kuruhusiwa wodini inayoonyesha wiki alizozaliwa, uzito na siku za oksijeni. Na wapelekeni wote watatu, sio yeye peke yake, wakapimwe na masikio siku hiyo hiyo kama ikiwezekana.