Zizi Moja Linawatosha

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: ikiwa mafahali wawili hawakai zizi moja, timu ya mbio za magari ifanyeje madereva wake wawili wakigombea ubingwa mmoja? Mimi nasema zizi linawatosha. Mwaka 1988 Ayrton Senna na Alain Prost walikuwa pamoja katika McLaren, timu ya Formula 1, wakashinda mbio 15 kati ya 16, Senna 8 na Prost 7. Kinachowagombanisha ni ahadi ya pembeni.

Nalijua hili kwa uchungu. Nina matatu mbili zinazofanya kazi kati ya Mtwapa na mjini Mombasa. Nilimwita dereva mmoja kando, nikamwomba asubuhi amwachie mwenzake abiria wa Bamburi, kwa kuwa gari la mwenzake ndilo lililokuwa na mkopo. Huyo mwingine sikumwambia kitu. Akazoea kuwakuta abiria wakimngoja, akaona ni haki yake. Siku mwenzake alipochoka kumwachia, akamwita mwizi mbele ya watu stejini. Vijana waliokuwa wakila sahani moja walifunga Ramadhani nzima bila kusalimiana, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Ndiyo maana mbio za Imola, Italia, za 1982 bado zinaniuma. Ferrari mbili zilikuwa mbele, Gilles Villeneuve na Didier Pironi. Timu ikawaonyesha kibao cha kuwataka wapunguze mwendo. Villeneuve akaelewa kwamba kila mtu abaki nafasi yake. Pironi akampita mzunguko wa mwisho, akashinda. Villeneuve akaapa kutosema naye tena, na siku 13 baadaye akafa Zolder, Ubelgiji, akiwania nafasi ya kuanzia mbio. Hawakupatana.

Miaka saba baadaye, Imola hiyo hiyo, Senna na Prost walikubaliana kwamba atakayetangulia mwanzoni asishambuliwe hadi kona ya kwanza ipite. Gerhard Berger akapata ajali, mbio zikaanzishwa upya, Prost akatangulia, Senna akampita pale pale. Hoja yake ilikuwa kwamba mapatano hayakuhusu kuanza kwa mara ya pili. Prost hakumwamini tena, na kabla mwaka haujaisha waligongana Suzuka, Japani. Hungaria 2007 ni yale yale, tena McLaren: Lewis Hamilton hakumpisha Fernando Alonso kama ilivyopangwa, Alonso naye akamkawiza kwenye kubadilisha magurudumu. Msimu ukaisha kila mmoja ana pointi 109, Kimi Räikkönen wa Ferrari ana 110, na ubingwa ni wake.

Wapo wanaosema dawa ni timu kumteua mmoja mapema. Ferrari ilifanya hivyo Austria 2002, Rubens Barrichello akampisha Michael Schumacher karibu kabisa na mstari wa kumalizia. Yalikuwa mashindano ya sita tu ya msimu! Uwanja mzima ulizomea, na mimi ningezomea. Mtu analipa kiingilio ili aone nani ana kasi.

Mfano ninaoushikilia ni mbio za Monza, Italia, 2025. Lando Norris alikuwa wa pili, Oscar Piastri wa tatu, wote wa McLaren. Norris akakubali mwenzake aingie kwanza kubadilisha magurudumu, baada ya kuhakikishiwa kwamba hatapitwa kwa sababu hiyo. Zamu yake ilipofika gurudumu likachelewa, akatoka akiwa nyuma. Timu ikamwambia Piastri arudishe nafasi. Piastri akawakumbusha redioni kwamba walishasema kuchelewa huko ni sehemu ya mbio, kisha akatii.

Kwangu mimi alikuwa na haki ya kulalamika, maana mapatano hayakueleza gurudumu likikwama itakuwaje. Lakini yalisemwa kwa sauti, dunia nzima ikisikia, na yakatimizwa. Sasa hesabuni. Nafasi ya pili ni pointi 18, ya tatu ni 15. Norris alitwaa ubingwa kwa pointi 423, Max Verstappen wa Red Bull akiwa na 421 na Piastri 410. Bila zile tatu za Monza, mengine yote yakibaki vile vile, Norris angekuwa na 420, na bingwa angekuwa Verstappen.

Kwa hiyo McLaren ina deni kwa Piastri. Siku mambo yakigeuka, Norris akajikuta mbele kwa kosa la mafundi, nataka kusikia redioni wakimwambia maneno yale yale.