Msiwafute wanaochelewa

Wadogo zangu mlioanza kukusanya data za jaribio la nukta (sura mbili hutokea kwenye kioo cha kompyuta, zikitoweka nukta hubaki mahali pa mojawapo, mshiriki abonyeze haraka akiiona, na kasi yake hutuambia jicho lilikuwa kwenye sura ipi), jana nimemkuta mmoja wenu akifuta mstari baada ya mstari: "Hawa wamechelewa mno." Kaeni chini kwanza.

1. Anzeni na chati ya macho. Asiyeona vizuri akikosa nukta, hamjapima hisia zake.

2. Jicho la mwenye wasiwasi hukimbilia sura ya kutisha. La mwenye sonona huganda kwenye sura ya huzuni likishafika, halichomoki. Picha ikikaa milisekunde 500 tu, huko kuganda mtakukosa. Iacheni sekunde nzima au zaidi.

3. Wanaochelewa. Kwenye tasnifu yangu niliamua kwamba jibu lililozidi milisekunde 1,500 ni uchafu, na anayechafua sana aondolewe kabisa. Kulikuwa na mama mmoja aliyebonyeza kana kwamba kidole kimefungiwa jiwe. Nikamwambia, "Mama, jitahidi uharakishe." Akanijibu, "Nisamehe mwanangu, nukta naiona, mkono ndio haufiki." Nikamfuta, yeye na wengine 6. Uchambuzi ukatoka safi kabisa: wenye sonona na wasio nayo hawana tofauti.

Msimamizi wangu aliomba madodoso ya wale 7, akayapanga mezani, akaweka kidole kwenye swali la 8 la PHQ-9, dodoso la maswali 9 ya kupima dalili za sonona, lile la kutembea au kuongea polepole mpaka watu wakagundua. Karibu wote walijaza 3, yaani karibu kila siku. Wagonjwa wenyewe nilikuwa nimewatupa. Tasnifu niliiandika upya, hilo lilipita. Lisilopita ni kwamba yule mama aliniomba msamaha kwa dalili ya ugonjwa wake, nami nikaupokea.

Kikomo wekeni kabla ya kuona data, na kila mtu apimwe kwa kasi yake mwenyewe.

4. Swali la 9 la PHQ-9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, lisomeni kabla mshiriki hajatoka mlangoni. La kila mmoja, kila siku. Hapa sitaki kusikia foleni ilikuwa ndefu.

5. Mtu akiwaambia siku hizi vitu vimefifia, andikeni. Mwaka 2010 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walipima umeme wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za wagonjwa wa sonona, wakakuta mwitikio wa retina hizo kwa tofauti ya weusi na weupe umepungua. Yule mama naye aliniambia kioo changu kimepauka. Nikainuka, nikaongeza mwanga wa kompyuta, tukaendelea.